Kinachobandua metali iliyopulizwa kwa plazima ni oksidi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo ambalo wengi hudhani ni la wataalamu peke yao, ilhali hasara yake inawagusa wenye viwanda, watu wa bandari, mamlaka za maji na hata wenye mashine za kusaga nafaka. Shafti ya pampu inapolika pale inapokaa beringi, au bushi ya mtambo inapopungua kipenyo, siku hizi mwenye mali halazimiki kuagiza mpya kutoka ng'ambo. Anaweza kuipeleka karakana ikajazwa kwa kupulizwa metali iliyoyeyushwa ndani ya plazima, yaani gesi iliyopashwa joto kali mno kwa umeme, kisha ikakerezwa mpaka irudi kwenye kipimo chake. Kazi ikifanywa ipasavyo, kipande hicho hudumu miaka. Ikiharibika, tabaka jipya huanza kubanduka vipande vipande mtambo ukiwa bado haujazoea kazi, na hapo huzuka mabishano: mwenye mali analaumu unga wa metali, muuzaji wa unga analaumu mashine ya kupulizia, na mwenye mashine analaumu waliouendesha mtambo bila grisi ya kutosha.

Hoja yangu ni kwamba mara nyingi wote watatu wanatazama pasipohusika. Kinachoamua kama metali iliyopulizwa itashika ni hali ya uso wa chuma na hali ya matone yenyewe wakati yanapokutana, na katika hali hiyo adui mkubwa ni oksidi, yaani utando unaozaliwa metali inapoungana na oksijeni ya hewa. Nasema haya nikiwa mhandisi wa mitambo ambaye kazi yake imekuwa ukarabati wa vipande vya aina hii hapa mwambao, mahali ambapo hewa yenyewe imebeba maji na chumvi. Naamini kwamba wanaoagiza kazi hizi wakielewa kinachotokea hapo, wataacha kulipia unene wa tabaka peke yake na wataanza kudai pia uthibitisho wa mshiko wake.

Upulizaji wa metali si ufundi wa jana. Max Ulrich Schoop wa Zurich, Uswisi, alianza kupuliza metali iliyoyeyushwa mwanzoni mwa karne ya 20, na bunduki za plazima zikaja katika miaka ya 1950. Ndani ya bunduki hiyo, gesi ya argoni, ambayo mara nyingi huchanganywa na haidrojeni au heliamu, hupitishwa kwenye tao la umeme lililo kati ya elektrodi ya tangsteni na nozeli ya shaba, ikatoka ikiwa na joto linalozidi nyuzi 10,000 za Selsiasi. Unga wa metali, ambao punje zake huwa na upana wa mikromita kumi kadhaa (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), huingizwa katika mkondo huo, ukayeyuka na kurushwa kwa kasi ya mita 100 hadi 300 kwa sekunde. Umbali kutoka kwenye bunduki hadi kwenye chuma ni wa sentimita 10 hivi, na safari nzima ya tone huisha kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Tone likigonga chuma hutanda likawa kisahani chenye unene wa mikromita chache, nalo hupoa kwa kasi inayoweza kufikia nyuzi milioni moja kwa sekunde. Kasi hiyo ya kupoa ndiyo inayotofautisha kazi hii na uchomeleaji. Mchomeleaji huyeyusha chuma cha msingi pamoja na chuma anachoongeza, na dawa iliyo kwenye welding rodi yake hupata muda wa kuinyonya oksidi na kuielekeza juu ikawa takataka ya kugongwa kwa nyundo. Katika upulizaji hakuna dawa, hakuna dimbwi la chuma kilichoyeyuka, na hakuna muda. Nikeli, kwa mfano, huyeyuka kwenye nyuzi 1,455, na tone lake likigusa chuma kilicho baridi, joto la mahali yanapogusana huwa kati ya joto la tone na joto la chuma, chini kabisa ya kiwango cha kuyeyusha chuma hicho. Kwa hiyo uso wa chuma hubaki kama ulivyokuwa: kama ulikuwa na oksidi, oksidi ile itabaki pale pale, katikati ya metali mbili ambazo zilitakiwa zigusane.

Metali mbili safi zikigusana kwa ukaribu wa atomu hushikana zenyewe, kwa nguvu zile zile zinazoshikilia metali yoyote isisambaratike. Oksidi huzuia mgusano huo. Juu yake tone hutegemea zaidi kung'ang'ania mikwaruzo ya uso, na hata mng'ang'anio huo hauna faida kubwa ikiwa oksidi yenyewe ni nene na haishiki vizuri chuma kilicho chini yake. Ni sawa na fundi mwashi anayepiga lipu juu ya ukuta wenye vumbi: lipu hulishika vumbi barabara, lakini vumbi haliushiki ukuta. Aina ya oksidi nayo ina uzito wake. Wanasayansi Pilling na Bedworth walionyesha mwaka 1923 kwamba inafaa kulinganisha ujazo wa oksidi na ujazo wa metali iliyoizaa. Oksidi ya alumini huchukua nafasi kubwa kidogo tu kuliko alumini yenyewe, ndiyo maana hutanda ikiwa nyembamba na kushika imara, ilhali oksidi za chuma huchukua karibu mara mbili ya nafasi ya chuma kilichooksidika, hivyo zikinenepa hujisukuma, hupasuka na kuachia.

Mahali pa kwanza ambapo oksidi huingia ni juu ya chuma kabla hata bunduki haijawashwa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo pwani inapotutofautisha na wenzetu wa bara. Kabla ya kupuliza, uso wa kipande hupigwa chembe kali za alumina (oksidi ya alumini) kwa hewa ya kompresa. Chembe hizo huondoa kutu na oksidi ya zamani na kuacha mikwaruzo ambayo matone yatang'ang'ania. Chuma kikitoka hapo huwa cha kijivu kinachong'aa, na wengi hudhani kwamba hali hiyo inasubiri. Haisubiri. Uso uliotoka kupigwa una njaa ya oksijeni kuliko uso wowote mwingine, kwa sababu ni mpya, umejaa ncha na mabonde, na eneo lake halisi limeongezeka. Utando wa kwanza wa oksidi, wa nanomita chache (nanomita ni sehemu ya elfu ya mikromita), hujitengeneza papo hapo wala hauzuiliki hewani. Utando huo pekee si msiba. Msiba ni kile kinachofuata hewa inapokuwa na unyevu, kwa sababu unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 60, chuma kitupu huanza kushika kutu kwa kasi nyingine kabisa, na chembe za chumvi zikiwepo juu yake huvuta maji hata kabla ya kiwango hicho.

Chukua asubuhi ya kawaida ya Dar es Salaam au Tanga ambapo hewa ina nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Hewa hiyo itaanza kutoa umande juu ya kitu chochote chenye joto la nyuzi 26 au chini yake. Shafti nene iliyolala karakana usiku kucha hupata joto polepole kuliko hewa inayoizunguka, kwa hiyo saa tatu asubuhi inaweza kuwa imevaa utando wa maji ambao jicho halioni, na shafti iliyotolewa kwenye chumba chenye kiyoyozi ndiyo mbaya zaidi. Hewa ya Dodoma yenye nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 40 haitoi umande mpaka joto lishuke hadi karibu nyuzi 13. Fundi aliyejifunza bara akaja kufanya kazi pwani bila kubadili taratibu zake atashangaa kwa nini kazi ile ile, kwa unga ule ule, inambandukia. Kanuni inayotumika katika kazi za kupaka na kupuliza metali ni kwamba joto la chuma lizidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa huanza kutoa umande, kwa angalau nyuzi 3, na kwamba upulizaji uanze ndani ya saa chache baada ya uso kusafishwa. Mwambao wetu unataka saa hizo ziwe chache zaidi. Kwa maoni yangu, kipande kilichopigwa jioni na kuachwa kipulizwe kesho yake kirudishwe kupigwa upya hata kama kinaonekana cheupe, kwa kuwa kutu inayodhuru mshiko hufika muda mrefu kabla ya ile rangi ya kahawia tunayoifahamu.

Zipo njia nyingine ndogo ambazo maji na chumvi hupita bila kutambuliwa. Kompresa isiyokuwa na kikaushio hupeleka maji na mafuta moja kwa moja juu ya uso unaosafishwa. Mchanga wa ufukweni, ambao baadhi ya watu huutumia kwa sababu haununuliwi, huacha chumvi ndani ya mabonde ya mikwaruzo, na vumbi lake la silika linaharibu mapafu ya mfanyakazi kwa ugonjwa usiopona, kwa hiyo nasihi mchanga huo uachwe kabisa kwa sababu zote mbili. Hata moto wa gesi ya asetilini unaotumiwa kupasha shafti joto una kasoro hiyo, kwani mwako wake huzaa mvuke wa maji, na mvuke huo ukikutana na chuma baridi huganda juu yake kabla chuma hakijapata joto la kuufukuza. Aliyegusa shafti kwa kidole gumba kuona kama ni safi naye ameacha mafuta ya mwili wake pale pale.

Kupasha kipande joto kabla ya kupuliza ni jambo jema, ila lina mpaka. Joto la nyuzi 100 hadi 150 huondoa maji yaliyojificha, na uchunguzi wa visahani vya tone moja moja, uliofanywa kwa wingi hasa nchini Japani, umeonyesha kwamba tone linalogonga uso uliopashwa joto la kutosha hutanda likawa duara nzima, wakati lile linalogonga uso baridi hutawanyika vipande vipande na kuacha matundu chini yake. Sehemu kubwa ya sababu ni kuondoka kwa unyevu na gesi zilizokuwa zimejishika kwenye uso. Hapo mtu anaweza kufikiri kwamba akizidisha joto atazidi kufaidi. Lakini chuma cha kawaida kikipita nyuzi 200 hewani huanza kubadilika rangi, kwanza manjano ya majani makavu kwenye nyuzi 220 hivi, kisha buluu karibu na nyuzi 300, na rangi hizo ni oksidi inayoonekana ikinenepa. Kila fundi aliyewahi kurudishia ugumu patasi anazijua. Chuma kisichoshika kutu huvumilia zaidi kwa sababu oksidi yake ya kromi hukua polepole na hubaki nyembamba, hivyo joto linalofaa kwa metali moja halifai kwa nyingine. Ninachokishauri kwa shafti za chuma cha kawaida ni kupasha kwa mwali wa plazima yenyewe, bila unga, mara moja kabla ya kupuliza, na kukoma kabla rangi haijajitokeza.

Mahali pa pili pa oksidi ni ndani ya matone yakiwa njiani. Wengi wanaposikia kwamba bunduki inatumia argoni hudhani kwamba metali inasafiri ndani ya gesi isiyodhuru. Ukweli ni kwamba mkondo wa plazima hutoka kwa kasi kubwa na kwa msukosuko, nao hufyonza hewa ya pembeni kwa wingi, kiasi kwamba karibu na kipande kinachopulizwa sehemu kubwa ya mkondo huwa ni hewa. Tone lililoyeyuka, lenye joto kupita kiasi, linaogelea humo. Oksidi hutanda juu ya uso wake, na katika matone ambayo mkondo unayapita kwa kasi kubwa, msuguano wa gesi huyazungusha kwa ndani, ukaipeleka oksidi katikati ya tone na kuuleta juu uso mpya ambao nao huoksidika. Punje ndogo huumia kuliko kubwa, kwa kuwa uso wake ni mkubwa ukilinganisha na ujazo wake.

Matone hayo yakifika, kila kisahani huwekwa juu ya kisahani kingine chenye ngozi ya oksidi, na tabaka zima huwa rundo la visahani vinavyogusana metali kwa metali katika sehemu tu ya eneo lake. Ukilikata tabaka hilo, ukaling'arisha na kulitazama kwa hadubini, utaona mistari myeusi inayokwenda sambamba na uso wa shafti. Sehemu ya mistari hiyo ni matundu, nyingine ni oksidi. Jambo linalowapotosha wanunuzi ni kwamba oksidi hizo ni ngumu, hivyo kipimo cha ugumu kinaweza kupanda wakati mshikamano wa ndani umeshuka, na mtu akapokea kwa furaha tabaka gumu ambalo chini ya mzigo wa kupigwapigwa litaachia ubao kwa ubao.

Dawa za tatizo hili zinajulikana, na zinatofautiana kwa gharama. Iliyo safi kuliko zote ni kupuliza ndani ya chumba kilichopunguzwa hewa na kujazwa argoni kwa kanieneo ndogo, kama inavyofanyika kwa mapanga ya turbaini za ndege. Karakana zetu hazitakuwa na vyumba hivyo kesho. Kuna vifaa vya kuzungushia mkondo pazia la argoni, vyenye gharama ya wastani. Na kuna njia inayonivutia zaidi, iliyofanyiwa kazi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Xi'an Jiaotong cha China, ambayo huitafuta tiba ndani ya unga wenyewe: huongeza boroni au kaboni katika metali, na tone likiwa na joto la kutosha vitu hivyo huitangulia metali kuungana na oksijeni, vikaondoka vikiwa oksidi yenye kuvukiza au gesi, na tone likafika likiwa karibu safi ingawa limepita katika hewa ya kawaida. Wenye karakana ndogo wana sababu ya kuifuatilia njia hiyo, maana haidai chumba wala pampu za kunyonya hewa.

Mahali pa tatu nitapapitia haraka. Tabaka halipulizwi kwa mpigo mmoja. Bunduki hupita mara nyingi, na kati ya mpito mmoja na mwingine uso uliokwisha kupulizwa una joto na uko hewani. Ukiachwa upate joto mno utaoksidika kabla ya mpito unaofuata, na vumbi laini la metali iliyoungua hewani litaukalia. Mirija ya hewa kavu iliyoelekezwa kando ya bunduki hupoza na kupeperusha vumbi hilo. Kazi ikisimama katikati kwa ajili ya chakula cha mchana, mpaka wa mpito ule utakuwa mahali pa udhaifu.

Nimesikia hoja kwamba yote haya hayana maana kwa kuwa siku hizi kuna unga wa kushikisha, ule wa nikeli na alumini, unaotangulizwa chini ya tabaka kuu. Unga huo ni mzuri, na nautumia. Nikeli na alumini zinapoungana hutoa joto lao wenyewe, na alumini inayoungua huongeza joto jingine, kwa hiyo tone hufika likiwa na moto zaidi na hushika vizuri hata penye mikwaruzo midogo. Molibdeni, metali nyingine inayopulizwa, nayo ina sifa ya pekee. Huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 2,620, kiasi kwamba tone lake linaweza kuyeyusha ngozi ya chuma linapogusa na kuungana nacho, na oksidi yake huvukiza kwenye joto kubwa badala ya kung'ang'ania uso wa tone, ndiyo sababu imetumika kwa miaka mingi kwenye ringi za pistoni. Lakini hakuna hata moja kati ya hizi inayosafisha chuma kilicholala na kutu na chumvi. Zimetengenezwa kushika chuma safi kwa nguvu zaidi, na anayezitumia ili aruke hatua ya usafi anapoteza unga wa bei kubwa.

Nisieleweke kwamba oksidi ni ya kulaumiwa popote ilipo. Katika mapanga ya turbaini yanayofunikwa kwa tabaka la kauri la kuzuia joto, tabaka la metali lililo chini ya kauri hutengenezwa kwa makusudi liwe na alumini, ili mtambo ukiwa kazini izaliwe oksidi ya alumini nyembamba, iliyoshikana, inayozuia oksijeni isipenye zaidi. Kauri ile husimama juu ya oksidi hiyo. Hata hivyo oksidi hiyo hiyo ikikua mpaka mikromita kadhaa kwa saa nyingi za kazi, mkazo ndani yake huongezeka na kauri hubanduka. Unene na mahali ilipozaliwa ndivyo vinavyotenganisha oksidi ya msaada na oksidi ya hasara.

Sasa nije kwa wanaolipa. Hati za zabuni za ukarabati ambazo nimezisoma hutaja aina ya unga, kipenyo cha mwisho na unene wa tabaka, na hazisemi neno juu ya mshiko. Nadhani sababu ni kwamba unene hupimwa kwa kifaa cha mkononi mbele ya macho ya mpokeaji, wakati mshiko hauonekani. Lakini unapimika. Kiwango cha ASTM C633 cha Marekani kinaeleza namna ya kufanya: silinda ya chuma yenye kipenyo cha milimita 25 hivi hupulizwa metali kwenye uso mmoja, silinda nyingine hubandikwa juu yake kwa gundi ya epoksi, kisha zote mbili huvutwa na mashine mpaka ziachane. Tabaka lenye mshiko wa megapaskali 30 litahimili mvuto unaokaribia kilonyutoni 15, yaani uzito wa tani moja na nusu juu ya duara la ukubwa wa sarafu. Ikiachia gundi kabla ya metali, basi tunajua kwamba mshiko unazidi uwezo wa gundi, na hilo linatosha kwa kazi nyingi.

Thamani ya jaribio hilo haiishii kwenye namba. Ninaomba wanaopokea kazi wajifunze kuutazama uso uliovunjika, kwa sababu unasema kosa lilipotokea. Tabaka likiachia lote na kukiacha chuma kitupu, hasa kikiwa na rangi ya kijivu iliyokolea au madoa ya kahawia, tatizo lilikuwa kabla ya kupuliza: usafi, unyevu, chumvi, ucheleweshaji au joto lililozidi. Likivunjika ndani ya tabaka lenyewe, huku visahani vya metali vikibaki pande zote mbili, chuma kiliandaliwa vizuri na kosa liko njiani au kati ya mipito. Mabishano yale ya mwenye mali, muuzaji wa unga na mwenye mashine, ambayo huishia kwa mmoja kubeba hasara kwa sababu tu hana sauti, yangekatwa kwa kuangalia vipande hivyo viwili vya silinda mezani.

Najua nitaambiwa kwamba wateja wanataka haraka, na kwamba mtambo wa maji au jenereta ya hospitali haiwezi kusubiri majaribio. Nakubali kwamba haraka hiyo ni ya kweli. Hata hivyo silinda za majaribio hupulizwa pamoja na shafti, kwa mkono huo huo na saa hiyo hiyo, na gundi hukauka wakati shafti inakerezwa. Kipima kiwango cha umande, karatasi ya kupimia chumvi ya usoni na kikaushio cha kompresa ni vitu vidogo kando ya bei ya bunduki ya plazima. Kinachokosekana zaidi ni mazoea. Vyuo vya ufundi, vikiwemo vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, vinafundisha uchomeleaji na ukerezaji kwa ustadi mkubwa, na ningependa vifundishe pia kwa kina maandalizi ya uso, somo ambalo lingewafaa vilevile wapaka rangi wa meli na matangi. Shirika la Viwango nalo lingewasaidia wanunuzi likitoa mwongozo mfupi wa Kiswahili wa kupokea kazi za kupulizwa metali, wenye masharti ambayo ofisa ugavi asiye mhandisi anaweza kuyanakili kwenye hati yake.

Mpaka mwongozo huo upatikane, ningeshauri kila anayeagiza kazi ya namna hii aandike mambo machache katika mkataba: uso usafishwe hadi daraja la Sa 3 la kiwango cha kimataifa cha ISO 8501-1, yaani mpaka jicho lisione kutu wala uchafu; saa ya kumaliza kusafisha na saa ya kuanza kupuliza ziandikwe daftarini pamoja na joto la chuma, joto la hewa na unyevu; na shafti irudi ikiwa na silinda zake za majaribio zilizopulizwa nayo, baadhi zikiwa zimevutwa mbele ya mwakilishi wa mwenye mali, na moja ikiwa nzima, imefungwa na kuwekewa namba ya kazi, ili siku tabaka litakapobanduka kuwe na kitu cha kuvuta na kutazama.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhandisi wa mitambo,
Tanga